Chai nyeupe, vidonge vya damu na bumu la Shosti

Najua nimepotea kama wiki tatu hivi, msinipige mawe. Kulikuwa na testi mbili mfululizo, halafu kuna kazi ya kikundi ambayo kikundi chenyewe kilikuwa mimi na dada mmoja tu, wale wengine watano tunawaona kwenye orodha ya majina. Mwalimu mtarajiwa nikapiga msuli mpaka macho yakawa mekundu. Sasa nimepumua kidogo, nikasema leo niandike lile jambo lililonikaa kooni tangu mwezi uliopita. Ni jambo la chai.

Ndiyo, chai. Msicheke kwanza.

Wanaokaa hosteli za kina dada wanajua ninachozungumzia. Tangu muhula uanze kuna maboksi mazuri meupe yenye maandishi ya dhahabu yanapita chumba hadi chumba. Chai nyeupe. Mara ya kwanza kusikia nilidhani ni chai ya maziwa, nikamwambia yule kaka aliyekuja kuuza, "Kaka yangu, maziwa tunachemsha wenyewe." Akanicheka. Akafungua boksi, akatoa kipakiti, akakitia kwenye maji ya moto, nikasubiri niuone huo weupe. Maji yakawa na rangi ya njano hafifu, kama mtu aliyeosha kikombe cha chai ya jana. Bei? Shilingi 45,000 kwa boksi la vipakiti 20.

Tufanye hesabu kidogo maana ndiyo kazi yetu. Anayepata mkopo wa chakula na malazi wa shilingi 10,000 kwa siku, boksi moja ni siku nne na nusu za kula na kulala. Kipakiti kimoja kina gramu mbili, vipakiti 20 ni gramu 40. Kwa hiyo kilo moja ya hiyo chai inauzwa shilingi milioni moja na laki moja na elfu ishirini na tano. Rudia kusoma. Mimi nilirudia kupiga hesabu mara tatu kwa kalkuleta ya simu nikidhani nimekosea sifuri.

Sasa kwa nini mtu anatoa pesa hiyo? Kwa sababu ya orodha. Ile chai ina orodha ndefu kuliko silabasi ya mwaka wa kwanza: inapunguza tumbo, inang'arisha ngozi, inasafisha damu, inaongeza damu, inazuia kansa, inatibu presha, inatibu kisukari, inaondoa msongo wa mawazo, inaongeza akili ya darasani. Hiyo ya mwisho mimi mwenyewe ilinigusa, siwadanganyi. Nilikuwa na sapu moja ya mwaka jana.

Shosti

Mwenzangu wa chumba nimwite Shosti, jina lake tuliache. Ni mtu wa vicheko, mtu wa kukuamsha saa kumi na moja alfajiri kwa wimbo. Tangu mwaka jana alikuwa analalamika kizunguzungu na kuchoka. Ngazi za ghorofa ya tatu anapanda kwa vituo kama daladala. Alipokwenda kupima akaambiwa damu yake ni 9.8, wakati kwa mwanamke asiye mjamzito inatakiwa isipungue 12. Akapewa vidonge vya kuongeza damu, vile vyekundu tunavyovijua, akaambiwa arudi baada ya mwezi.

Hapo ndipo chai ikaingia. Shosti akasoma kwenye boksi "inasafisha damu na kuongeza damu", na kwenye boksi hilo hilo "inapunguza uzito", akaona ameua ndege wawili. Bumu lilipotoka akanunua maboksi mawili. Asubuhi akaacha chapati na maharage ya mama ntilie, akawa anakunywa chai nyeupe tupu bila kitu. Mchana kikombe kingine pamoja na wali. Na kile kidonge cha damu, nisikilizeni vizuri hapa, alikuwa anakisukumia kwa chai ile ile ya moto kila siku. Kwa akili ya kawaida ni sawa kabisa. Dawa ya damu juu ya chai ya damu, si zitasaidiana?

Baada ya wiki tano hivi tukiwa kwenye kipindi cha saa nane mchana, ukumbi umejaa, feni hazifanyi kazi, nikaona kichwa chake kinalala begani kwangu. Nikadhani ni usingizi, nikamsukuma. Akaenda chini moja kwa moja.

Tulimbeba wanne. Njia nzima mimi nilikuwa naongea peke yangu kama kichaa. Kituo cha afya wakampima, damu ikasoma 8.6. Yaani ameshuka, na wiki zote hizo alikuwa anameza vidonge bila kukosa hata siku moja! Nesi aliyekuwa zamu, mama mmoja mtu mzima, hakugomba. Aliuliza tu taratibu:

"Mwanangu, hivi vidonge unavimezea na nini?"

Shosti akajibu, "Na chai, mama. Chai nyeupe, nzuri kiafya."

Yule mama akavua miwani. Akasema, "Chai ni chai. Iwe nyeupe, nyeusi, ya kijani. Vidonge hivi vimeze na maji au juisi ya machungwa. Chai ikae mbali navyo. Na asubuhi ule chakula, wewe si mkimbizi."

Nilitoka pale na aibu. Mimi ninasoma kemia na biolojia. Mimi ndiye nitakayesimama mbele ya watoto wa kidato cha tatu mwakani kufundisha madini ya chuma kwenye damu. Na kila asubuhi nilikuwa nakaa kitanda cha pili namwangalia mtu anameza chuma kwa chai, sikusema neno. Sikusema kwa sababu sikufikiri. Nondo zote nilizokariri zilikuwa za mtihani, hazikuwa za chumbani.

Jaribio la ndoo na kikombe

Jioni ile Shosti aliporudi hakuamini. Akasema nesi ni mtu wa zamani, hajui mambo mapya. Nikamwambia sawa, tusibishane, tupime. Nikachukua kidonge chake kimoja, nikakisaga kwa sehemu ya nyuma ya kijiko, nikakiweka kwenye maji kidogo. Yeye akatengeneza chai yake nyeupe kwenye kikombe cha kioo, ile njano hafifu nzuri. Nikamimina maji ya kidonge ndani ya chai, nikakoroga, tukaweka juu ya ndoo tukakaa kuangalia.

Ikabadilika mbele ya macho yetu. Ikawa nyeusi nyeusi yenye ubuluu, kama wino uliomwagiwa maji. Kwa kweli ndivyo ulivyo, maana wino wa kuandikia wa karne nyingi huko Ulaya ulitengenezwa kwa njia hiyo hiyo: chumvi ya chuma ikichanganywa na tanini za mimea.

Kinachotokea ni hiki, nitakisema kwa lugha ya kidato cha tatu. Majani ya chai yana kundi la kemikali linaloitwa polifenoli, na wakubwa wao kwenye chai nyeupe na ya kijani ni katekini. Molekuli zake zina vikono vya oksijeni na haidrojeni vilivyokaa jirani jirani. Vikono hivyo vinapenda sana kukamata chuma. Vikikikamata, chuma kinakuwa fungu kubwa ambalo utumbo hauwezi kulifyonza. Unalipeleka chooni. Chuma cha kwenye maharage, mchicha na vidonge ndicho kinachoathirika zaidi, kile cha kwenye nyama kina njia yake nyingine ya kuingia mwilini. Na sisi wanachuo nyama tunaiona kwenye sherehe.

Sasa utamu wa hadithi ni hapa. Hizo polifenoli ndizo zile zile boksi linazoziita "antioksidanti", ndiyo sifa kuu ya chai nyeupe, ndiyo inayolipiwa 45,000. Kitu kilichosifiwa ndicho kilichokuwa kinamnyang'anya Shosti chuma chake. Kemikali haijui kwamba imeandikwa kwa dhahabu kwenye boksi. Inafanya kazi yake tu, na kama kazi hiyo ni njema au mbaya inategemea ni nani anakunywa, saa ngapi, na pamoja na nini.

Shosti aliangalia kile kikombe kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Kwa hiyo nimekuwa nakunywa wino." Tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Ila kwa kweli haikuwa ya kuchekesha.

Chai nyeupe ni nini hasa

Nisije nikaonekana nina chuki na chai ya watu. Nilikaa maktaba siku mbili kusoma, tena si kudesa. Chai nyeupe, chai ya kijani na chai yetu ya rangi zote zinatoka kwenye mmea mmoja, Camellia sinensis. Tofauti iko kwenye kuchuma na kutengeneza. Chai nyeusi majani yanasagwa au kukunjwa, yanaachwa yakutane na hewa mpaka yageuke rangi, ndipo yanakaushwa. Ya kijani inapashwa moto mapema ili isigeuke. Nyeupe haisagwi wala haikunjwi: inachumwa chipukizi changa, inaachwa inyauke taratibu, kisha inakaushwa. Basi. Inaitwa nyeupe kwa sababu ya vinyweleo vyeupe vilivyoko kwenye chipukizi ambalo halijafunguka.

Nyumbani kwake ni jimbo la Fujian huko China, hasa Fuding na Zhenghe. Ile ya machipukizi matupu wanaiita Baihao Yinzhen, yenye chipukizi na jani moja au mawili wanaiita Bai Mudan. Siku hizi hata Afrika inatengenezwa, Malawi kule Thyolo na jirani zetu Kenya. Ni chai tamu, nyepesi, haina ukali. Ukiitengeneza usitumie maji yanayotokota, acha yapoe kidogo mpaka kama nyuzi 80, loweka dakika tatu hadi tano. Nimeionja vizuri, nimeipenda. Hilo nalisema wazi.

Faida je? Zipo, ila hazifanani na orodha ya boksi. Huko kupunguza unene, kwa mfano, kuna utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2009 ambao unatajwa sana. Walichukua dondoo la chai nyeupe wakaliweka kwenye seli za mafuta za binadamu ndani ya maabara, wakaona seli zinapunguza kujaza mafuta. Ni utafiti wa kweli. Lakini ni seli kwenye chombo, si Shosti kwenye hosteli. Kutoka kwenye chombo kile mpaka kwenye kiuno cha mtu kuna safari ndefu ya tumbo, ini na damu, na wengi wanaishia njiani.

Mambo mengi mengine yanayosemwa juu ya chai nyeupe yameazimwa kwa dada yake, chai ya kijani. Huko Japani, eneo la Ohsaki, watafiti waliwafuatilia watu zaidi ya 40,000, matokeo yakatoka mwaka 2006: waliokunywa vikombe vitano au zaidi kwa siku walikufa kwa kiasi kidogo zaidi, hasa kwa magonjwa ya moyo na mishipa. Kwenye kansa hakukuonekana tofauti. Na utafiti wa namna hiyo unaonyesha kwamba mambo mawili yanakwenda pamoja, hauthibitishi kwamba moja limesababisha jingine. Huenda wanywaji chai wanaishi vizuri kwa mengine pia.

Halafu sikilizeni hii. Mwaka 2022 watafiti wa taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani walitoa matokeo ya karibu watu nusu milioni wa Uingereza, wengi wao wanywaji wa chai nyeusi. Waliokunywa vikombe viwili au zaidi kwa siku walikuwa na hatari ya kufa iliyopungua kwa asilimia 9 hadi 13 ukilinganisha na wasiokunywa. Chai nyeusi! Hii hii ya rangi ya kwa mama ntilie. Kwa hiyo kama unatafuta faida za chai, huna haja ya kuuza godoro.

Na lile la akili ya darasani? Chai ina kafeini, kafeini inakuamsha. Watu wanasema nyeupe haina kafeini, si kweli, machipukizi machanga ndiyo yana kafeini nyingi. Kwa hiyo yule jirani wa chumba cha pili anayekunywa saa nne usiku "ili atulie" halafu analalamika hapati usingizi, dada yangu, jibu lako hilo hapo.

Nilimpigia mama

Sasa ngoja niwaambie kwa nini hili jambo limeniuma kuliko wengine. Mimi ni mtoto wa Mufindi. Nimekua kwenye chai. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye tenga la mama, asubuhi na ukungu, maji ya umande yanakulowesha mpaka kiunoni, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, mpaka vidole vinakuwa vyeusi visivyotoka kwa sabuni. Kilo moja ya majani mabichi kituoni haifiki bei ya soda moja. Na kuna misimu malipo yenyewe yanachelewa mpaka mtu anasahau anadai.

Nikampigia.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba mwanangu, umekula?"

Hilo ni swali lake la kwanza siku zote, hata nikipiga saa sita usiku. Nikamweleza habari ya chai nyeupe. Akauliza, "Ya maziwa?" Nikasema hapana mama, ni chipukizi tupu, bila majani, inakaushwa tu. Akanyamaza. Akasema, "Chipukizi tupu? Si nitachuma siku nzima kapu halijai? Na kwenye mizani nitaweka nini?" Nikamtajia bei ya boksi. Akaomba nirudie. Nikarudia. Akacheka kile kicheko chake cha kuchoka, akasema, "Basi hao wanaouza wanajua jambo ambalo sisi hatulijui."

Niwe mkweli, mama aligusa jambo la haki. Chai ya machipukizi lazima iwe ghali zaidi, kwa sababu kazi yake ni kubwa na uzito ni mdogo. Hata chai nyeusi ya kawaida, kilo moja iliyokauka inahitaji majani mabichi kama kilo nne na nusu. Sina ugomvi na chai nzuri kulipiwa vizuri. Ningefurahi siku moja Mufindi, Njombe, Rungwe na Usambara watengeneze nyeupe yao na mchumaji aone tofauti kwenye mizani. Chai iko nchini tangu Wajerumani walipoileta Amani na Rungwe mwanzoni mwa miaka ya 1900, zaidi ya miaka mia moja sasa. Lakini ile milioni moja ya boksi hailipi vidole vya mchumaji yeyote. Inalipa orodha. Inalipa "inatibu kisukari". Tunanunua maneno, chai tunaongezewa kama nyongeza.

Yule kaka muuzaji

Nilimtafuta. Nilikuwa nimejiandaa kumtukana, ukweli ndio huo. Nikamkuta kantini amekaa na uji, si chai nyeupe, nikasema haya, ndugu yetu anajua. Nikamweleza ya Shosti. Uso wake ukabadilika kabisa. Akasema, "Dada, mimi sikujua. Wao walitupa semina ya siku moja, wakatupa na karatasi ya kusoma. Mimi nasoma mambo ya biashara, nitajuaje ya chuma?" Kisha akaniambia na yeye alinunua maboksi sita ya kuanzia kwa pesa ya ada, na asipouza, mtihani hataingia.

Nikakosa cha kumtukana. Yeye naye ni mnunuzi tu, ila alinunua mapema. Tulikubaliana jambo moja: afute "inaongeza damu" kwenye matangazo yake ya simu, na awaambie wateja wake wasimezee dawa. Alifuta jioni ile ile, niliona. "Inatibu kisukari" bado ipo. Tunaendelea kuongea.

Msimamo wangu

Nasikia wengine wanasema, "Mwache mtu na pesa yake, chai haiui." Mwaka mzima huo ulikuwa msimamo wangu na mimi, na ndiyo maana nilinyamaza kitanda cha pili. Siku hizi naona hivi: chai nyeupe ni kinywaji kizuri, na mtu akiinywa kwa sababu anaipenda, tena kwa bei ya chai, hana kosa. Ikiitwa dawa inaanza kudhuru. Haina sumu ndani yake, lakini inakaa mahali pa chakula na inakaa mahali pa dawa. Shosti hakuumizwa na chai sana kama alivyoumizwa na kifungua kinywa alichokiacha na kidonge kilichopotea bure.

Kama kweli tunataka afya kwenye kikombe, yako mambo matatu ya bure kabisa, hayahitaji boksi.

La kwanza sukari. Kikombe cha kwa mama ntilie kina vijiko vitatu, na mkono wake hauna huruma. Vikombe vitatu kwa siku ni vijiko tisa, kama gramu 36. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri tukae chini ya asilimia 10 ya nishati tunayokula kwa sukari za kuongezwa, na ikiwezekana chini ya asilimia 5, ambayo ni kama gramu 25. Yaani chai peke yake imeshatuvusha, hatujahesabu soda na maandazi. Nadhani moja ya faida kubwa za chai nyeupe ni kwamba watu wanaona aibu kuitia sukari. Basi tuionee aibu na ya rangi.

La pili moto. Kwetu mtu anayesubiri chai ipoe anaonekana mgonjwa. Babu yangu alikuwa anaimimina kooni ikiwa inatoa moshi. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliweka vinywaji vya moto sana, zaidi ya nyuzi 65, kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya koo la chakula. Na watafiti waliopima chai kwa wanywaji wa Kilimanjaro, matokeo yakachapishwa mwaka 2015, walikuta wastani wa kuanza kunywa unapita nyuzi 70. Ukanda wetu huu wa mashariki mwa Afrika saratani hiyo ni nyingi. Kusubiri dakika tano hakugharimu kitu.

La tatu muda. Mwenye upungufu wa damu, na kina dada wengi hapa chuoni tunao bila kujua, chai isiwe pamoja na chakula wala vidonge. Kuna utafiti wa Uingereza wa mwaka 2017 uliofanywa kwa wanawake, ulionyesha kwamba kusubiri hata saa moja baada ya kula kunapunguza hasara hiyo. Kwenye chakula weka chungwa, ndimu, embe, vinasaidia chuma kuingia. Na jamani wale wanaoanza kuuza vidonge vyenye dondoo la chai kwa ajili ya kupungua, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya mwaka 2018 ilionya kwamba gramu 0.8 na zaidi kwa siku za ile katekini kuu, ikiwa kwenye vidonge, inaleta dalili za kuumia kwa ini. Kikombe na kidonge ni vitu viwili tofauti.

Shosti anaendelea vizuri. Vidonge anameza na maji, chapati na maharage karudia, na chungwa la shilingi mia tatu kila siku analikata nusu, nusu yangu, maana anasema na mimi ni mshitakiwa. Juzi alipima, ni 10.4. Bado hajafika 12 lakini ngazi anapanda kwa vituo viwili tu. Boksi la pili la chai lilibaki na vipakiti kumi na moja. Tunakunywa jumapili saa kumi jioni, bila sukari, ikiwa imepoa, tumbo likiwa limeshasahau chakula cha mchana. Ni tamu. Tunakunywa taratibu kwa sababu tunajua kila kipakiti ni shilingi 2,250.

Na kile kikombe cha wino nimeamua nitakibeba kwenye mazoezi ya kufundisha. Kidonge kimoja, kijiko, chai ya rangi iliyochujwa hafifu, na watoto arobaini wakiangalia. Nitawaambia: akija mtu na orodha ndefu, muulize amelijaribu kwa nani, seli au watu, na anakuuzia nini.

Haya, narudi kwenye kazi ya kikundi. Wale watano mkisoma hapa, kesho saa mbili maktaba, njooni hata kwa kunisalimia.